Saa ya Hesabu Ilikuwa Saa ya Sindano

Nikimwona mtoto wa siku hizi analia kwa sababu mwalimu kampa hesabu nyingi, mkono huniwasha nimzabe kibao. Mimi nililia kwa sababu nilinyimwa. Nasema nilinyimwa, na wala sitafuti neno la adabu zaidi, maana nimelitafuta miaka mingi sijalipata.

Nilikuwa darasa la nne, Tabora, enzi za Mwingereza. Shule yenyewe siitaji. Mwalimu naye simtaji. Alikwisha kufa, na watoto wake wapo, wao wamenikosea nini? Tulikuwa wasichana saba na wavulana wapata thelathini katika chumba kimoja, chini ya mwalimu huyo mmoja. Kusoma tulisoma pamoja. Kuandika pamoja, dini pamoja, kuimba pamoja. Lakini ikifika saa ya hesabu, mwalimu aligonga meza kwa rula mara mbili na kusema, "Wasichana, sindano." Basi tunainuka, tunachukua vikapu vyetu, tunatoka nje kukaa barazani kwenye kivuli, tunashona foronya.

Foronya! Mpaka leo sijui mito yote ile ilikuwa ya nani. Kila wiki foronya, kitambaa cha marekani, pindo la mkono, na pembeni ua jekundu. Zikikamilika zinakunjwa, zinachukuliwa, hatuzioni tena. Mimi nyumbani nilikuwa nalalia kanga ya bibi iliyoviringishwa.

Si kwamba hatukujua hesabu kabisa. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tulipewa sote darasa la tatu. Mambo yaligeuka darasa la nne, zilipokuja hesabu za kuvunja namba. Unapewa namba, unaivunja vipande, na vipande unavivunja tena, mpaka ubaki na vile visivyovunjika. Sitini, kwa mfano, ni mbili mara mbili mara tatu mara tano, basi, hapo umefika mwisho. Na ile namba ambayo haivunjiki hata ufanyeje, mwalimu aliiita namba isiyogawika. Siku hizi vitabu vinaziita namba tasa, jina la kuudhi kweli, lakini leo sina ugomvi na vitabu.

"Msichana ana kazi gani na kuvunja namba?" mwalimu alimjibu mwenzetu mmoja aliyethubutu kuuliza. "Utaenda kuvunja sufuria?" Wavulana wakacheka sana.

Sasa sikia uonevu wenyewe ulipo. Mtihani wa mwisho wa darasa la nne ulikuwa mmoja kwa wote. Karatasi ya hesabu ileile ya wavulana ndiyo tuliyowekewa sisi. Nafasi za wasichana za kuingia darasa la tano, katika shule ya bweni, zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na zilitoka kwa alama. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli huko Tura, na mimi niliishi Chemchem, palepale mjini Tabora, kwa bibi, mama yake baba, kwa ajili ya shule tu. Baba alikuwa ameniambia wazi: nikishinda nitasoma, nikishindwa nipande treni nirudi Tura nimsaidie mama. Hakusema kwa ubaya, baba wa watu. Ila Tura hapakuwa na darasa la tano wala dalili yake, na mimi nililitaka darasa la tano kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Saa ya hesabu ikiisha, wavulana walitoka kwenda kucheza. Na sisi? Sisi tuliitwa ndani kufagia darasa na kufuta ubao. Yaani tunafukuzwa hesabu zisituingie kichwani, halafu tunaitwa kuzifuta. Ukiwaza sana unaweza kurukwa na akili.

Mimi nikaomba kazi ya ubao. Wenzangu wakanisema ninajipendekeza kwa mwalimu, nikawaacha waseme. Kila siku nilisimama mbele ya ule ubao na kitambaa mkononi, na kabla ya kufuta nilitazama. Ilikuwa imechorwa kama ngazi. Namba iko juu, pembeni yake namba ndogo, chini yake jibu, pembeni tena namba ndogo, inashuka hivyo hadi moja. Nilinakili ngazi mbili tatu kwenye kibao changu cha mkononi, haraka haraka, halafu nafuta ubao wote. Lakini kuona ngazi si kujua kwa nini imejengwa. Kwa nini ameanza na mbili? Kwa nini namba hii ameishusha na ile ameiandikia tu "haigawiki"? Nilimwuliza mvulana mmoja wa jirani, tena kwa upole. Akanijibu, "Kashone."

Basi nikaenda kwa bibi.

Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Ila alipokuwa msichana, kabla ya reli kufika Tabora, alitembea na msafara hadi pwani na kurudi, mara tatu, nyuma ya babu aliyekuwa mpagazi. Wanaume walibeba mizigo, na wake zao waliokubali kwenda walibeba vyungu na kupika njiani. Kwa hiyo bibi alijua watu wangapi hula wapi na kwa nini hugombana. Alikuwa mkali, mwepesi wa kukasirika, na mimi alizoea kuniita mke mwenzake, kama bibi zetu wanavyotutania.

Nilimkuta uani anamenya karanga. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba, mke mwenzangu, mbona umenuna?"

"Bibi, thelathini na saba inavunjika?"

"Thelathini na saba nini?"

"Namba tu."

"Namba tu haipo. Mbuzi? Watu?"

"Haya, watu."

"Watu hawahesabiwi, wewe mtoto, utatuletea balaa. Sema mizigo." Akachota karanga, akazihesabu mkekani thelathini na saba. Halafu akatoa moja akaiweka kando, mbali, ukingoni. "Huyu kirongozi. Anatangulia mbele, anajua njia. Huyu hali kwenye chungu cha watu, ana chakula chake."

Zilizobaki alizipanga haraka kuliko nilivyoweza kufuata. Sita sita, mafungu sita. Akazivuruga, akapanga tisa tisa, mafungu manne. Fungu moja aliliita kambi, yaani watu wanaokula chungu kimoja. Akanieleza kwamba kila walipoondoka mahali, jambo la kwanza lilikuwa kuwagawa watu katika kambi zilizo sawa, kwa sababu posho ilitolewa kwa kambi, na kambi yenye mtu mmoja zaidi ilishinda na njaa na maneno.

"Hii thelathini na saba ni amani," akasema. "Ila wakiwa thelathini, ole wako. Toa kirongozi, ishirini na tisa. Hiyo huigawi hata ukilia. Kuna mmoja atakayezidi, na huyo ndiye atakayelalamika njia nzima hadi Ugogo."

Jamani, nilifurahi! Nilihisi nimeshika siri yote. Wiki hiyohiyo ubaoni palikuwa na ngazi ya thelathini na sita: mbili, mbili, tatu, tatu. Nikajiambia, ndiyo hiyo, ilikuwa thelathini na saba, mwalimu amekwisha kumtoa kirongozi kabla sijaingia. Hata shaka haikunijia. Kwetu Unyamwezi nani asiyejua kwamba msafara una kirongozi?

Ukaja mtihani wa majaribio, wa mwalimu mwenyewe, na safari hii wasichana tuliruhusiwa kukaa ndani. Namba nne: ishirini na nne, thelathini na saba, sitini, sabini na mbili. Nikaandika bila kusita. Ishirini na nne, toa kirongozi, ishirini na tatu: haigawiki. Sitini, toa kirongozi, hamsini na tisa: haigawiki. Sabini na mbili, baki sabini na moja: haigawiki. Ila thelathini na saba niliivunja vizuri kabisa, mbili mara mbili mara tatu mara tatu, na mstari nikapiga chini yake kwa rula.

Wewe unayejua hesabu umekwisha kuona. Zote zinazogawika nilisema hazigawiki, na ile moja isiyogawika ndiyo niliyoigawa. Hata mtu akitaka kukosa kwa makusudi hawezi kukosa sawasawa namna ile.

Mwalimu hakunirudishia kibao changu cha kuandikia kimyakimya. Alinisimamisha mbele nisome mwenyewe majibu, moja moja, kwa sauti. Kila nikisema "haigawiki" darasa linaangua kicheko, na mimi sijui wanacheka nini. Nilipofika kwenye thelathini na saba mwalimu mwenyewe akakaa chini kwa kucheka, akajifuta macho.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilimtoa kirongozi kwanza, mwalimu."

Loo! Hapo darasa lilikuwa karibu kubomoka. Wavulana walipiga madawati. Tangu siku hiyo jina langu likawa Kirongozi. Kirongozi njoo ufagie, Kirongozi umeacha vumbi huku. Na mwalimu alipomaliza kucheka akawageukia wavulana, akasema polepole, kwa huruma kabisa, "Mnaona kwa nini hawa wasichana nawatoa nje? Nawaonea huruma tu." Kucheka nilikuvumilia. Ile huruma ndiyo iliyonichoma.

Nilifika nyumbani damu inachemka, nikamwambia bibi neno ambalo mtoto wa kwetu hamwambii mtu mzima. Nilimwambia, "Bibi, umenifundisha uongo."

Akanitazama. Mkono wake uliokuwa na karanga ukasimama. "Uongo? Mimi?"

"Ulisema kirongozi hahesabiwi!"

"Nani kakwambia hahesabiwi? Nilisema hali chungu cha watu. Mzigo anabeba, miguu anayo, na posho yake inatoka. Tukifika mahali tukaulizwa tuko wangapi, tunamwacha nje na fisi?" Akaitupa karanga kwenye ungo. "Wewe uliniuliza nani anakula na nani, nikakujibu. Ulikuwa unataka kuvunja namba, ungesema unataka kuvunja namba. Nenda kamwambie mwalimu wako anafundisha watoto kutukana wakubwa."

Alikuwa na haki, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilipiga magoti pale uani nikaomba radhi, huku nalia kwa hasira, na sijui hasira hiyo ilikuwa ya nani. Bibi aliniacha nipige magoti muda mzuri tu. Alimenya karanga, akapeta, akazimimina chunguni. Ndipo akasema, "Haya, inuka. Tumrudishe huyo kirongozi."

Siku zile zilizobaki kabla ya mtihani tulikaa uani kila alasiri nikitoka shule. Chakula tulikula matobolwa, viazi vikavu vile vya kuchemsha, kwa sababu bibi alikataa kuinuka kwenda kusonga ugali. Nilimwonyesha ngazi ya ubaoni, akaitazama akasema michoro hiyo haimhusu, nimtajie namba tu. Na kwa karanga alinifundisha kitu ambacho baadaye, nimesomea ualimu, nilikikuta katika vitabu kimeandikwa kwa maneno makubwa.

Alisema jaribu wawili wawili. Ukishindwa, watatu watatu. Ukishindwa, rukia watano. Nikauliza kwa nini wanne anawaruka. "Waliokataa wawili watakubali wanne? Hao wanne si wawili na wawili?" Baada ya watano, saba. Baada ya saba, kumi na moja, kisha kumi na tatu. Nikauliza nitajaribu mpaka lini, nisije nikazeeka. Akacheka. "Ukiona mafungu yamekuwa machache kuliko watu wa fungu moja, acha. Kuanzia hapo unarudia yale uliyokwisha jaribu, unayageuza tu." Nilichukua siku mbili kulielewa hilo. Siku nilipolielewa nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani akidhani tumeingiliwa na nyoka.

Na katika siku hizo niliona jambo jingine. Nilikuwa nafuta ubao kama kawaida, nikaona mwalimu ameandika tisini na moja, na mbele yake, kwa chaki na mwandiko wake mzuri, "haigawiki". Nikasimama na kitambaa. Tisini na moja bibi alikuwa amenipangia juzi yake: kambi saba za watu kumi na watatu. Nikarudi nyuma kichwani kuzikumbuka ngazi zote nilizokuwa nimezinakili miezi ile. Mbili, tatu, tano. Mbili, tatu, tano. Sikuwahi kuona saba pembeni ya namba yoyote, achilia mbali kumi na moja. Mtu huyu alifika tano akaishiwa. Zaidi ya tano hakujua, au alijua akaona uvivu, sijui, na mbele ya kosa hilo walikuwa wamekaa wavulana thelathini wanalinakili, na sisi tuko nje tunashona maua. Nilitamani kuita watu. Badala yake nilifuta, kwa sababu kufuta ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Siku ya mtihani tulikusanywa watoto wa shule mbalimbali za mjini katika ukumbi mmoja. Karatasi ya hesabu niliiona nzuri. Mwishoni kabisa paliandikwa: vunja elfu moja na moja.

Nikajaribu wawili, ikakataa. Watatu, ikakataa. Watano, ikakataa. Nikasikia mvulana wa shule yetu nyuma yangu anaguna, anaandika neno moja, anaweka kalamu chini, na nilijua ni neno gani. Mimi nikaenda saba. Ikakubali, mia moja arobaini na tatu. Saba tena ikakataa. Nikajaribu kumi na moja, na ikakubali, kumi na tatu. Saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Niliihakiki mara mbili, nikamhesabu na kirongozi. Nilitoka pale nimeshikilia ukuta kwa furaha.

Matokeo aliyaleta Bwana Elimu mwenyewe, Mzungu aliyekagua shule za jimbo. Wazazi waliitwa. Baba hakupata ruhusa kazini, akaja bibi, amejifunga kanga yake mpya, akakaa kwenye benchi la barazani pamoja na wazazi wengine. Sisi tulisimama mistari uani. Bwana Elimu alisoma majina ya waliopata darasa la tano, wavulana kwanza. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba kuna msichana mmoja. Akanitaja.

Nilikwenda mbele. Alikuwa ameshika karatasi yangu ya kuingia shule ya bweni, lakini hakunipa. Aliniuliza kama ni mimi niliyeivunja elfu moja na moja. Nikasema ndiyo, bwana. Akasema katika shule hii hakuna mwingine aliyeiweza, wote waliandika haigawiki. Mwalimu akasogea. Akaniwekea mkono begani, mkono uleule wa rula, akatabasamu.

"Vizuri sana," Bwana Elimu akasema. "Ni nani aliyekufundisha kujaribu saba na kumi na moja?"

Bibi alikuwa umbali wa hatua kumi. Nilimwona. Alikuwa ameinua kidevu kidogo, anasubiri, wala si kwa majivuno. Anasubiri tu kama mtu anayejua jina lake liko karibu kutajwa. Mkono wa mwalimu ukanibonyeza bega. Haukubonyeza kwa nguvu. Na karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Bwana Elimu, na barua ya tabia njema iliyotakiwa bweni bado haijaandikwa, na mwandishi wake ni mwalimu. Nikaiona Tura. Nikaona treni.

"Mwalimu, bwana," nikasema.

Bwana Elimu alifurahi. Akamwuliza mwalimu kama wasichana wote hufundishwa hesabu pamoja na wavulana. Mwalimu akajibu, "Bila shaka, bwana, hapa hatubagui." Bwana Elimu akafungua daftari la ukaguzi palepale akaandika mistari kadhaa. Kisha akanipa karatasi yangu, na watu wakapiga makofi. Bibi naye alipiga makofi.

Tulitembea mpaka tukapita maduka ya Gongoni. Ndipo nikaanza, "Bibi, nilitaka..." Akanikatiza. "Ungenitaja wangecheka. Umeshapata darasa, twende." Alisema kama mtu anayeongea habari ya mvua. Baadaye kidogo, akiwa mbele yangu, akauliza bila kugeuka, "Yule mwalimu amewahi kuwapikia watu kumi na watatu?" Nilimchukia mwalimu, nikamchukia yule Mzungu na swali lake, na nilijichukia mwenyewe. Ile chuki ya kwanza na ya pili zimepungua na umri.

Nikaenda bweni. Nilirudi likizo mwaka uliofuata, nikapita shuleni asubuhi kusalimia, nimevaa sare yangu mpya yenye kola. Ilikuwa saa ya hesabu. Kupitia dirishani nilisikia chaki inagonga ubao. Na barazani, kwenye kivuli, wamekaa wasichana wanane, vichwa vimeinama, wanashona foronya zenye ua jekundu.

Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yetu Chemchem, mdogo wangu kwa miaka miwili. Alinyanyuka akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo dada," kisha akanivuta kando ya nguzo asisikike ndani. Akaniuliza kwa kunong'ona nilimwomba mwalimu kwa maneno gani. Wao walikuwa wamemwomba mara tatu, tena kwa magoti. Mzazi mmoja alikwenda hadi kwa Bwana Elimu kulalamika, akafunguliwa daftari akasomewa kwamba shule hii wasichana hufundishwa hesabu sawa na wavulana, na ushahidi upo.

"Wewe ulimwambiaje, dada, mpaka akakubali kukufundisha?"

"Hakunifundisha," nikasema. "Hajawahi kunifundisha hata siku moja."

Akanitazama, sindano mkononi, haelewi.

"Lakini sote tulikuwapo," akasema. "Tulikusikia ukisema."